Kuokoka na kupatanishwa na Mungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila darasa la ubatizo au la wokovu linapoanza, na mengine huulizwa pembeni, baada ya ibada, mtu akishahakikisha hakuna anayesikia. Majibu yameandikwa na Mprotestanti. Pale ambapo ndugu Wakatoliki au Wapentekoste wanafundisha tofauti, nimesema.

Kuokoka ni nini hasa?

Ni kwamba mtu aliyekuwa na ugomvi na Mungu amepatanishwa naye kwa sababu ya Yesu Kristo, na dhambi zake hazihesabiwi tena juu yake. Sura ya tano ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mstari wa 18 hadi wa 21, inalisema jambo lote.

Kwetu neno hili limebeba mzigo mwingine. Ukisikia "fulani ameokoka", unafikiria kwanza alichoacha: pombe, sigara, disko, hereni. Mazoea hayo yana historia. Miaka ya 1930 uamsho ulizuka Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, ukavuka kwenda Uganda, ukaingia pia Bukoba na Kenya. Waganda waliwaita watu wa uamsho ule Balokole, yaani waliookoka, na sisi tukapata walokole. Walijulikana kwa kukiri dhambi hadharani na kwa masharti makali ya maisha. Ila ukiwasikiliza wazee wa uamsho wenyewe, hawakuanza na orodha ya makatazo. Walianza na msalaba na damu ya Yesu, na kile walichokiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Orodha ilikuja nyuma, na kwa bahati mbaya imedumu kuliko ujumbe.

Mimi sijaua, sijaiba, nawalea watoto wangu vizuri. Nina ugomvi gani na Mungu?

Wema wako ni wema kweli, hakuna haja ya kuubeza. Lakini Paulo katika Warumi 1:21 haanzi na mauaji. Anaanza na watu waliomjua Mungu wasimtukuze kama ndiye Mungu, wala kumshukuru. Mtu anaweza kuishi miaka sitini kwa heshima mtaani, akitumia pumzi, akili na watoto aliopewa, huku Aliyempa akiwa kama mgeni asiyesalimiwa.

Soma pia nusu ya pili ya mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15, ile ambayo wahubiri huipita haraka. Mwana mkubwa hakuvunja amri hata moja. Hata hivyo habari inakwisha yeye akiwa nje ya nyumba, amekasirika, na baba ndiye anayetoka kumbembeleza.

Nifanye nini ili Mungu akubali kupatana nami?

Swali hili limekaa upande usio wake, na mengine mengi kwenye ukurasa huu yanategemea jibu lake.

Katika desturi zetu nyingi za usuluhishi, mkosaji ndiye anayehangaika. Anatafuta wazee wa kumsindikiza, anabeba mbuzi au faini aliyotozwa, anakaa chini na kuinamisha kichwa. Aliyekosewa amekaa kwake akingoja, na ana haki ya kusema haijatosha, ongeza. Tunaingia kanisani na desturi hiyo bila kujua tumeibeba. Ndiyo maana mtu akitenda dhambi kubwa hukimbilia kufunga siku nyingi, kuweka nadhiri, kutoa sadaka nono, akidhani Mungu atalainika kidogo kidogo.

Injili imeugeuza mpangilio wote. Aliyekosewa ndiye aliyetoka nyumbani. Aliyekosewa ndiye aliyelipa faini, kwa gharama ya Mwana wake. Na bado aliyekosewa ndiye anayetuma wajumbe wamsihi mkosaji akubali: "twawaomba ninyi kwa ajili ya Kristo mpatanishwe na Mungu" (2 Wakorintho 5:20). Angalia nani anaomba hapo. Warumi 5:10 inakaza zaidi: tulipatanishwa tulipokuwa adui, si baada ya kulainika.

Kwa hiyo hakuna unachopeleka ili umfanye Mungu akupende. Kilichobaki kwako ni kukubali au kukataa.

Lakini Mungu ni mwenye rehema. Hangeweza kusamehe tu, bila msalaba?

Anayekaa pwani ameulizwa hili na jirani yake Mwislamu mara nyingi, na ni swali la haki. Lisijibiwe kwa kelele.

Dhambi ina watu iliowaumiza. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake hatafurahi kusikia kwamba Hakimu wa dunia yote amesema "yaishe" na kufunga faili. Rehema ya namna hiyo ingekuwa dharau kwake. Warumi 3:25-26 inasema msalaba ulikuwa ili Mungu aonekane mwenye haki, na wakati huo huo amhesabie haki mtu anayemwamini Yesu. Kosa lilihukumiwa kama kosa, na mkosaji akaachiliwa.

Kanisa halijawahi kuwa na maelezo mamoja tu ya jinsi msalaba unavyookoa. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za kwanza, walipenda kuueleza kama ushindi dhidi ya mauti na Shetani, kama Wakolosai 2:15. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alieleza kwa lugha ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na kutakiwa kurudishwa. Warekebishaji wa karne ya 16, walioanzisha Uprotestanti, walisisitiza adhabu aliyoibeba Kristo mahali petu, wakiegemea Isaya 53. Kwa maoni yangu makanisa yetu yangefaidika kuuhubiri ule wa kwanza zaidi ya yanavyofanya, kwa sababu mtu aliyekulia katika hofu ya uchawi anahitaji kusikia kwamba wenye nguvu za giza wameshindwa, pamoja na kusikia kwamba amesamehewa.

Jambo moja la kuepuka: mahubiri yanayomchora Baba mwenye hasira upande mmoja na Yesu mpole upande wa pili akimzuia asipige. 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake.

Imani ni kukubali kwamba Mungu yupo?

Hapana. "Mashetani nao waamini na kutetemeka" (Yakobo 2:19). Imani ni kumtegemea Kristo kwa habari ya kesi yako yote, ukiacha kujitetea. Warumi 4 inamtumia Abrahamu: mzee wa karibu miaka mia, mke tasa, ahadi peke yake mkononi.

Wengine huogopa kwamba imani yao ni ndogo mno. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa alipaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto wake akaponywa. Imani haiokoi kwa ukubwa wake. Anayeokoa ni yule unayemwamini.

Kuna maneno maalumu ya sala ya toba? Nisipopita mbele mkutanoni je?

Maandiko hayana fomula. Ule utaratibu wa "nyoosheni mikono, piteni mbele, semeni baada yangu" ni desturi ya mikutano ya injili ya nyakati za karibuni, na umewasaidia wengi. Lakini mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Warumi 10:9 inataja kukiri kwa kinywa na kuamini moyoni. Ukiri mbele ya watu una maana, na ubatizo ndio mahali pake pa kale zaidi.

Ukiwa peke yako chumbani usiku, sema kwa lugha unayootea ndoto. Kihaya, Kigogo, Kijaluo, zote zinasikika.

Nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara. Je, sijaokoka?

Hapa makanisa yanatofautiana, na anayekwambia jibu ni rahisi anakuficha kitu.

Mkatoliki atakwambia ubatizo ulikuondolea dhambi ya asili na kukupa neema, na kwamba ukianguka katika dhambi ya mauti unarudishwa kwa sakramenti ya kitubio. Mlutheri na Mwanglikana pia hubatiza watoto. Kwao ubatizo ni ahadi ya Mungu iliyotangulia kabla hujaweza kusema neno, na imani huishika ahadi hiyo maisha yote. Mbaptisti na Mpentekoste atasema ubatizo humfuata aliyeamini kwa akili yake, kwa hiyo ule wa utotoni hauhesabu, na utazamishwa upya kwenye maji mengi.

Kinachokubaliwa na wote ni hiki: cheti cha ubatizo kilichokaa kwenye sanduku bila imani hakimsaidii mtu. Luther mwenyewe, aliyebatiza watoto, asingebisha. Kwa hiyo badala ya kuuliza tarehe uliyookoka, jiulize leo unamtegemea nani. Wapo waliookoka siku wanayoikumbuka hadi saa, na wapo waliolelewa katika imani wasijue ilianza lini. Timotheo alikuwa wa kundi la pili, tukifuata 2 Timotheo 1:5, iliyomtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Matendo mema yana nafasi gani basi?

Yanafuata, hayatangulii. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Mstari wa 10, ambao watu hukoma kabla ya kuufikia, unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Yakobo hapingani na Paulo. Paulo anamjibu anayetaka kununua kibali cha Mungu kwa matendo, Yakobo anamjibu anayesema "naamini" huku akimwambia ndugu mwenye njaa nenda ukashibe.

Ugomvi juu ya jambo hili uliigawa Kanisa la Magharibi baada ya 1517. Ni vizuri watu wajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikubaliana kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, na kwamba Roho hutufanya upya tutende mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Reformed, yaani yanayofuata mapokeo ya Calvin, mwaka 2017. Tofauti hazikwisha zote. Lakini mwinjilisti anayesimama sokoni akisema Wakatoliki wote wanafundisha wokovu wa matendo hajasoma hata ukurasa mmoja wa tamko hilo.

Niliiba kabla ya kuokoka. Nirudishe?

Ndiyo, kama unaweza. Uamsho wa Afrika Mashariki ulijulikana kwa hili: watu walirudisha mali za waajiri, za shule, za majirani, wakaziita hatua hizo matengenezo. Mfano wa Zakayo uko Luka 19, na mpangilio wake ni muhimu. Yesu alijikaribisha nyumbani kwake kwanza. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja baadaye, kwa furaha. Hakurudisha ili apokelewe.

Kama mwenye mali amekufa, Hesabu 5:8 inaelekeza haki yake kwa jamaa wa karibu. Kama kosa linaweza kukupeleka mahakamani, zungumza na mchungaji na mwanasheria kabla ya kwenda, na uwe tayari kwa lolote. Kama ni zinaa, tubu na uache. Lakini jina la mtu mwingine si lako kulitangaza kwenye ushuhuda wa kanisa. Ndoa nyingi zimevunjwa na ushuhuda uliotolewa kwa bidii bila hekima.

Je, naweza kupatana na Mungu huku sisemi na ndugu yangu?

Yesu anakuambia uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako (Mathayo 5:23-24). Na katika sala aliyotufundisha, ombi la msamaha ndilo pekee alilolirudia kulieleza mara tu alipomaliza (Mathayo 6:14-15). Aliyelipiwa faini hawezi kumkaba mwenzake kwa faini ndogo.

Swali hili lina kidonda chake. Rwanda, nchi ulikoanzia ule uamsho, ndiko mwaka 1994 watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa, mara nyingi ndani ya makanisa walimokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji Mwadventista, Elizaphan Ntakirutimana, mwaka 2003, na padri Mkatoliki, Athanase Seromba, ambaye mwaka 2008 rufaa ilimpa kifungo cha maisha. Hakuna dhehebu linaloweza kuangalia pembeni. Wokovu uliohubiriwa kama jambo la mtu na Mungu wake tu, usiogusa kabila, ardhi na siasa, ulibaki juu juu. Waefeso 2:14-16 inasema msalaba uliua uadui kati ya Myahudi na Mmataifa, yaani kati ya makabila, katika pumzi ile ile inayosema uliwapatanisha na Mungu. Tulifundishwa nusu ya mstari.

Na wapo walioishika nusu zote mbili. Baada ya Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum kuuawa Uganda Februari 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alitoroka na mkewe kwa miguu usiku, wakavuka milima hadi Rwanda. Kivengere alikuwa mtu wa uamsho tangu ujana. Baadaye alisimulia kwamba chuki yake kwa Idi Amin ilikuwa inamkausha, mpaka ilipombidi amsamehe. Hakuacha kuukemea utawala ule wala kuwahudumia wakimbizi wake.

Nalisema hili kwa sababu mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa na wazee "samehe, rudi". Kusamehe ni kuacha kisasi mikononi mwa Mungu. Kurudi ni jambo jingine, linalotegemea kama anayepiga ametubu na ameacha. Na kwenda polisi si kukosa msamaha.

Nimeambiwa nitoe sadaka maalumu, au ninunue mafuta na maji ya upako, ndipo nifunguliwe.

Usitoe. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Sadaka ya shukrani ni jambo jema. Sadaka ya kulainisha Mungu ni ile faini ya mkosaji iliyorudishwa kwa mlango wa nyuma, na safari hii anayeipokea si hata aliyekosewa.

Nina hirizi niliyopewa na babu. Niiache?

Iache. Waefeso walioamini walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani, vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha (Matendo 19:19). Omba mtu mzima katika imani awe nawe siku hiyo, kwa kuwa woga ni wa kweli. Dawa ya mitishamba ya tumbo ni jambo tofauti. Usiitupe pamoja na hirizi.

Niliongozwa sala ya toba, lakini sijisikii chochote.

Wengine hulia, wengine hutetemeka, wengine huenda kupika chakula cha jioni. Warumi 5:1 inazungumzia amani na Mungu, yaani uadui umekwisha, na hilo ni kweli hata siku una malaria na umeamka na huzuni.

Nilirudi nyuma. Wokovu wangu umepotea?

Wanaofuata Calvin, mrekebishaji wa karne ya 16, husema aliyeokolewa kweli atahifadhiwa mpaka mwisho, wakitaja Yohana 10:28. Wanaofuata Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na Wapentekoste wengi, husema mtu anaweza kuiacha imani, wakitaja Waebrania 6:4-6. Mabishano hayo yana karne kadhaa na hayataisha wiki hii.

Kwa aliyeanguka, pande zote mbili zinatoa ushauri mmoja: rudi. Petro alimkana Bwana mara tatu mbele ya moto, na aliyekwenda kumtafuta, akampikia samaki ufukweni na kumwuliza mara tatu kama anampenda, ni Yesu. Kama kanisa lako lina utaratibu wa kurudishwa kundini, ufuate. Usiuogope kama kesi.

Mtu aliyeishi vibaya akatubu kitandani, saa ya mwisho, anaokoka?

Ndiyo. Katika Luka 23:43 Yesu anamwahidi paradiso mwivi aliyesulubiwa pamoja naye. Ila kumbuka yule mwivi hakupanga kusubiri.

Nina wake wawili na watoto kwa wote. Nikiokoka, nimfukuze mmoja?

Kwa muda mrefu makanisa mengi ya misheni yalimjibu mwanamume huyu kwamba abaki na mmoja ndipo abatizwe. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1888 uliamua asibatizwe akiwa katika hali hiyo, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa katika mazingira fulani. Matokeo tunayajua vijijini: wanawake walioachwa na watoto wao, bila shamba, kwa jina la injili. Mwaka 1988 maaskofu wa Lambeth waliamua tofauti. Mwanamume mwenye wake wengi anayeitikia injili aweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, jumuiya ya Kianglikana ya mahali pake ikubali, na asilazimishwe kuwaacha wake zake kwa sababu ya shida ambayo ingewapata. Ndoa ya mke mmoja ilibaki kuwa ndiyo mpango wa Mungu.

Makanisa mengine bado yana msimamo wa zamani, na mengine hubatiza lakini hayampi mtu huyo uongozi, kwa kufuata 1 Timotheo 3:2, inayotaka askofu awe mume wa mke mmoja. Damu ya Kristo inamtosha mwenye wake wawili kama inavyomtosha kapera. Utaratibu wa kanisa ndio unaotofautiana, kwa hiyo zungumza na mchungaji au paroko wako kabla hujamwambia mke yeyote afungashe.